Hasara Isiyoandikwa Daftarini

Kila kiwanda kina daftari la hasara. Mkanda wa mtambo ukikatika, huandikwa. Pipa la mafuta likimwagika, huandikwa. Gunia la saruji likinyeshewa na kuganda, karani hulitia katika hesabu, na mwisho wa mwezi wakubwa hulitazama na kuuliza ni nani aliyezembea. Lakini iko hasara moja iliyo kubwa kuliko hizi zote, nayo haina ukurasa katika daftari lo lote. Ni hasara ya mtu mzima, mwenye ujuzi na nguvu, ambaye akili yake imeugua, au ambaye pombe na dawa za kulevya zimemteka, hata akawa yupo kazini lakini kazi yake haipo. Na mwishowe yeye mwenyewe naye hayupo.

Ndugu msomaji, leo twataka kuifungulia hasara hiyo ukurasa wake. Hatuandiki ili kuwahubiria walevi, kwani mahubiri wameyasikia ya kutosha, tangu kwa wake zao hata kwa mashehe na mapadre. Twaandika ili tufanye hesabu. Mfanya kazi ajua hesabu, kwa kuwa kila mwezi yampasa kuugawa mshahara usiotosha. Na jambo lililokataa kueleweka kwa maneno ya huruma pengine litaeleweka kwa tarakimu.

Nitaanza na mtu mmoja. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda cha chapa nilichokuwa nikifanya kazi, tulikuwa na fundi wa mtambo aliyetumikia miaka kumi na sita. Fundi huyu alikuwa akisimama mlangoni, hajavua hata kofia, akasikiliza mtambo unavyonguruma, kisha akasema ni gurudumu lipi lililolegea. Hakukosea. Basi ukaja mwaka akaanza kuchelewa kila Jumatatu. Baadaye akachelewa na Jumanne. Kisha pumzi yake ikaanza kunuka gongo kabla ya jua kupanda. Usiku mmoja aliuacha mtambo ukikimbia bila mwangalizi, na robota zima la karatasi likaharibika.

Aliandikiwa barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kamati ya nidhamu ikakaa. Mimi nilikuwa mjumbe wake kwa upande wa wafanya kazi. Tulisoma barua zile tatu, tukatazama hesabu ya karatasi zilizoharibika, na kwa dakika zisizotimia ishirini tukakubaliana afukuzwe. Mkono wangu uliinuka pamoja na mingine. Hakuna mmoja wetu aliyemwuliza mtu yule swali moja: Ndugu, umepatwa na nini?

Baadaye sana nilikuja kujua kwa mkewe. Mwaka mmoja kabla ya barua ya kwanza, mtoto wao wa kiume, kifungua mimba, alikufa katika ajali ya pikipiki. Baba yake alizika siku ya Jumamosi, na Jumatatu akarudi mtamboni. Tangu siku hiyo hakupata usingizi. Alikuwa akilala saa moja, akaamka, akakaa ukumbini gizani hadi adhana ya alfajiri. Rafiki akamwambia kwamba kikombe kimoja cha gongo humlaza mtu. Kwa kweli kilimlaza. Baada ya miezi michache vikombe vinne havikumlaza tena.

Sasa na tufanye hesabu. Kiwanda kiliokoa mshahara wa mtu mmoja. Lakini kijana aliyewekwa mahali pake alijifunza kazi kwa muda uliozidi mwaka, na karatasi alizoharibu katika kujifunza zilizidi kwa mbali robota lile moja. Mke wa fundi aliuza cherehani iliyokuwa ikimpatia kipato. Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, aliacha shule. Mama mzee kijijini hakuletewa tena fedha za mbolea, na shamba lake likarudi kuwa pori nusu yake. Hesabu zote hizo zilitokana na ugonjwa wa mtu mmoja, wala hakuna hata moja iliyoingia katika daftari la kiwanda. Wala taifa halikuziona. Lakini taifa ndilo lililozilipa.

Tukitoka kwa mtu mmoja tukautazama ulimwengu, tarakimu zatisha. Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi Ulimwenguni yalitangaza pamoja katika mwaka 2022 kwamba ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na ugonjwa wa wasiwasi, hupoteza siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka, na kwamba hasara yake kwa uchumi wa dunia hukaribia dola trilioni moja. Tarakimu kama hiyo ni vigumu kuishika akilini. Tuigawe basi. Tukisema mtu mmoja hufanya kazi siku 300 kwa mwaka, siku hizo bilioni 12 ni sawa na watu milioni 40 wasioshika jembe, nyundo wala kalamu mwaka mzima. Na hayo ni magonjwa mawili tu; hatujahesabu pombe, wala heroini, wala magonjwa makali ya akili ambayo wengi wetu huyaita wazimu.

Yafaa tuelewe pia kwa nini magonjwa haya yana gharama kuliko mengine mengi. Magonjwa kadha wa kadha ya mwili humkuta mtu uzeeni, akiwa amekwisha fanya kazi yake na kulea wanawe. Magonjwa ya akili, kwa sehemu kubwa, huanza kabla mtu hajatimiza miaka 25. Humshika kijana ambaye wazazi wamemlisha na taifa limemsomesha, ndipo anapotaka kuanza kuzaa matunda. Ni kama mkulima aliyepalilia mahindi yake mara mbili, akatia mbolea, kisha yakanyauka yanapotaka kubeba. Tena mgonjwa wa namna hii hapotezi kazi yake peke yake. Dada mmoja, au mama, huacha biashara yake ili amlinde asipotee njiani. Kwa hiyo mikono inayopungua kazini si miwili, bali minne.

Aidha, tusiutenge ulevi na maradhi ya akili kana kwamba ni nchi mbili zisizopakana. Mwenye huzuni hunywa ili asahau. Anywaye sana huzidi kuhuzunika, kwa sababu pombe yenyewe huutia ubongo unyonge. Bangi nyingi, hasa ivutwayo tangu utotoni, huweza kumwamshia kijana maradhi ya akili ambayo pengine yangelala. Hali kadhalika, mgonjwa aliyeachwa bila matibabu huokota kiroba au sindano iliyo karibu naye. Anayetibu upande mmoja na kuuacha wa pili anateka maji kwa pakacha.

Katika bara letu, Afrika ya Kusini ndiyo iliyojaribu kuifanya hesabu hii kwa makini. Wataalamu wake walikadiria kwamba katika mwaka 2009 madhara ya pombe yaligharimu nchi ile randi bilioni 37.9 za fedha zinazoonekana, nazo ni 1.6 kwa mia ya pato la taifa. Walipoongeza na hasara zisizoonekana kwa urahisi, kama maisha yaliyokatika mapema, jumla ilifika kati ya 10 na 12 kwa mia ya pato la taifa. Maana yake ni kwamba katika kila randi kumi zilizozalishwa na jasho la wachimba migodi, wakulima na makarani, thamani ya randi moja au zaidi iliyeyuka.

Nchi hiyo hiyo ilipata somo jingine bila kulikusudia. Tarehe 27 Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Serikali ilifunga mauzo ya pombe. Wodi za majeruhi zikapungukiwa na watu. Mauzo yaliporuhusiwa tena tarehe 1 Juni, wodi zikaanza kujaa visu, chupa na ajali, hata Serikali ikalazimika kufunga mauzo mara ya pili tarehe 12 Julai. Ni kweli kwamba watu walizuiwa pia kutembea, na hilo lilikuwa na sehemu yake. Lakini daktari aliyekuwa zamu usiku ule hakuhitaji kuelezwa tofauti.

Wako watakaotujibu kwamba pombe huleta kodi, na viwanda vya bia huwapa watu kazi. Ni kweli, wala hatukusudii kukanusha. Hata hivyo, kodi ya pombe huandikwa mahali pamoja, kwa tarakimu kubwa, na kila mwaka husomwa kwa sauti. Gharama ya pombe hutawanyika: kidogo katika hospitali, kidogo katika polisi, kidogo mahakamani, kidogo magerezani, na kubwa kuliko zote katika nyumba za watu, mahali ambapo mkaguzi wa hesabu hafiki. Anayehesabu mapato na kuacha matumizi si mwenye biashara. Ni mtu anayefilisika polepole.

Na pombe isiyolipa kodi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa haina hata hicho kidogo. Mwezi wa Mei 2014, katika kaunti za Embu, Kitui, Kiambu na nyinginezo za Kenya, watu zaidi ya 80 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Hawa hawakuwa watu wa anasa. Walikuwa vibarua waliotafuta kinywaji kinacholingana na ujira wao. Huku kwetu Tanzania, pombe kali ya mifuko midogo, iliyoitwa viroba, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Kabla ya hapo, kiroba kiliuzwa kwa bei ambayo utingo aliimudu kwa chenji za abiria, na mwanafunzi aliweza kukificha katika soksi. Twajifunza nini? Kwamba bei na urahisi wa kupata ndivyo vinavyoamua ni nani atakayekunywa na kwa kiasi gani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri nchi mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kupandisha kodi ya pombe, kupunguza saa na mahali pa kuuzia, na kuyabana matangazo yake.

Sasa tuingie katika heroini. Pwani ya Afrika Mashariki iko katika njia ya bahari ambayo majahazi huipita yakileta dawa hiyo inayotoka Afghanistani. Mzigo ulikuwa ukienda kwa matajiri wa mbali, lakini mzigo haupiti mahali bila kumwaga punje. Kuanzia miaka ya 1980, punje hizo zikaota katika vichochoro vya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Vijana tuwaitao mateja, ambao twapishana nao tukikaza mikoba yetu, walikuwa makuli, mafundi magari, mabaharia na wapiga debe. Sindano walizoshirikiana ziliwaletea virusi vya UKIMWI kwa kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha wananchi wengine, na taifa likabebeshwa mzigo juu ya mzigo.

Hapa, hata hivyo, tuna jambo la kujivunia. Mwezi wa Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo mara moja kila siku mbele ya mhudumu, ambayo huondoa arosto bila kumlewesha mtu aliyeizoea. Tanzania Bara ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusini mwa Sahara kutoa tiba hiyo katika hospitali za umma. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Unguja na mikoa mingine. Kijana ambaye zamani alihitaji kupata fedha mara tatu au nne kila siku, kwa njia yo yote ile, sasa hahitaji kuiba. Lakini ipo kasoro ambayo yatuhusu sisi wafanya kazi. Mgonjwa huyu yampasa kufika kliniki kila asubuhi. Ni mwajiri gani atakayempa kazi mtu wa kuja saa nne? Nauli yake ya kila siku itatoka wapi? Tumempa dawa, kisha tumemfungia mlango wa kazi. Na mtu asiye na kazi hurudi maskani, na maskani heroini bado ipo.

Kuhusu maradhi ya akili, mkoloni alituachia fikira moja, nayo ilikuwa ya kuta. Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma katika mwaka 1927, na sheria ya kikoloni iliyohusu wagonjwa hao ilifikiri zaidi jinsi ya kuwashika kuliko jinsi ya kuwaponya. Sheria mpya ya afya ya akili ilikuja mwaka 2008. Lakini baada ya Uhuru kulizuka fikira nyingine iliyo bora. Mahali kama Hombolo, karibu na Dodoma, palianzishwa vijiji ambako wagonjwa waliopata nafuu waliishi na kulima, wakala jasho lao, wakajizoeza tena maisha ya watu. Fikira hii haikuwa ngeni kwa Afrika. Tangu mwaka 1954, Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliwaweka wagonjwa wake wa Aro, karibu na mji wa Abeokuta, katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja pamoja na ndugu yake. Alitambua kwamba mtu hutengenezwa na watu.

Jirani zetu wa Zimbabwe wamekwenda mbele zaidi, tena kwa gharama ndogo. Tangu mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, namna ya kumsikiliza mtu mwenye mawazo mazito na kumsaidia kupanga tatizo moja moja. Bibi hukaa na mgonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa 14 kwa mia. Miongoni mwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50 kwa mia. Benchi la mbao na bibi mwenye subira! Nani atasema kwamba sisi ni maskini mno hata tushindwe na hayo?

Na ikiwa bado yuko mtu wa hazina anayetikisa kichwa, ajue kwamba uchunguzi ulioongozwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, ukatangazwa mwaka 2016 vile vile, ulikadiria kuwa kila dola moja itiwayo katika kutibu sonona na wasiwasi hurudisha dola nne kwa afya na uwezo wa kufanya kazi. Pamoja na hayo, serikali za dunia, kwa wastani, hutenga kiasi cha 2 kwa mia tu ya fedha za afya kwa ajili ya magonjwa ya akili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumekuwa tukijenga ukuta ule ule kila mwaka.

Yatupasa tufanye nini? Kwanza, katika mahali pa kazi. Msimamizi anapoona fundi hodari amebadilika ghafula, amuulize kabla ya kumwandikia. Kamati ya nidhamu isikae juu ya shauri la ulevi mpaka mtu huyo ameonwa na mganga wa hospitali. Afrika ya Kusini, ilipotunga sheria yake ya kazi mwaka 1995, iliambatanisha mwongozo uliosema kwamba kwa mtu aliyetekwa na ulevi au dawa, ushauri na matibabu huenda vikawa hatua za kufikiriwa. Vyama vya wafanya kazi havina budi kudai neno kama hilo liingie katika kila mkataba wa hali bora, kama vile vinavyodai posho na likizo.

Pili, katika zahanati. Dawa za magonjwa makali ya akili si ghali. Ziko sindano ambazo hutolewa mara moja tu kwa mwezi. Mgonjwa aipataye bila kukosa huweza kulima na kuoa. Asipoipata miezi miwili, ndugu zake huuza ng'ombe kwa waganga, na hatimaye humfunga kamba nyuma ya nyumba. Gharama ya sindano na bei ya ng'ombe, ipi kubwa?

Tatu, nyumbani kwetu wenyewe. Tuache aibu. Mficha maradhi, kifo humfichua. Twatangaza malaria na kisukari cha jamaa zetu, lakini anapougua akili twasema amerogwa, au amesafiri.

Wako wafanya kazi watakaonung'unika kwamba hivyo ni kufuga wavivu, na kwamba wao hufanya kazi ya watu wawili mlevi anapolala. Manung'uniko yao ni ya haki. Hatusemi mlevi aachwe aendeshe mtambo. La, atolewe mtamboni siku ile ile, kabla hajajikata mkono au kumkata mwenziwe. Hatusemi pia kwamba kila mtoro ni mgonjwa. Twasema nidhamu iliyo kamili ina sehemu mbili: kumwondoa mtu katika hatari, na kumpeleka mahali atakapopona. Akipewa matibabu akayakataa kwa makusudi, hapo kamati na iinue mikono yake. Sisi tuliinua yetu bila kuifanya sehemu ya pili.

Yule fundi hakufa. Dada yake alimchukua, akampeleka kliniki, akakaa naye karibu miaka miwili. Leo yuko katika duka dogo la chapa mtaani, akipiga kadi za harusi na risiti za wenye maduka, juu ya mtambo mkongwe ambao hakuna mwingine awezaye kuutuliza. Binti yake hakurudi shule. Nilipokwenda kumwona, alinipa kiti, akanifutia vumbi, akaniuliza habari za kiwanda na za mitambo mmoja mmoja, kama mtu aulizaye habari za watoto. Nilipoaga, ndipo aliposema, bila hasira: "Ndugu Mhariri, mbona siku ile hamkuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Lakini kamati za nidhamu ziko nyingi katika nchi hii, na nyingine zitakaa juma hili. Swali lile ziliulize mapema.